Relei, Kadi ya Printa na Pampu ya Kigangoni

Wengi wetu tukisikia neno “relei” tunafikiria uwanja wa michezo na mbio za kupokezana vijiti. Si vibaya kuanzia hapo. Relei ya umeme inafanya jambo hilohilo: umeme mdogo unakimbia kipande chake, kisha unaukabidhi umeme mkubwa kijiti, na hizo mbili hazikutani hata kidogo. Kijiti chenyewe ni nguvu ya sumaku.

Nimeulizwa na wenzangu wa darasani niandike jinsi nilivyounganisha ubao wa relei na kompyuta wakati wa likizo nyumbani Tarakea. Nitaandika, pamoja na makosa yangu, maana makosa ndiyo yaliyonifundisha. Lakini kwanza niseme kwa nini nililazimika kuigusa kazi hiyo, kwa sababu haikuanza kama kazi ya kompyuta. Ilianza kama kesi.

Kigango chetu kina kanisa dogo, shule ya awali na nyumba ya masista, vyote katika eneo moja. Wanaoijua Rombo wanajua habari ya maji kwetu. Mlima tunauona kila asubuhi, lakini maji ya bomba huja kwa mgao. Yakija hujaza tangi la chini lililochimbiwa ardhini, na kutoka hapo pampu ya hosi pawa moja huyapandisha kwenye tangi la juu. Aliyekuwa akiwasha na kuzima pampu hiyo ni mzee mmoja, mlinzi wa usiku, kwa swichi ya kawaida iliyo ukutani, kama ile ya taa.

Jioni moja mzee aliwasha pampu. Baada ya dakika chache umeme ukakatika eneo lote. Akangoja, giza likaingia, akaenda kuzunguka ua kama kawaida yake. Umeme ulirudi usiku wa manane, pampu ikaamka yenyewe, ikamaliza maji yaliyokuwa tangi la chini, kisha ikazunguka kavu mpaka alfajiri. Sili ikaungua, mota nayo ikafuata. Kamati ikakaa na kuamua mzee akatwe sehemu ya mshahara kila mwezi mpaka pampu mpya ilipike. Nilipofika likizo alikuwa amekatwa mwezi wa kwanza.

Nilikwenda kuiangalia ile swichi. Swichi ya ukutani ina tabia moja: ukiiacha imewashwa, umeme ukikatika inabaki imewashwa. Haina habari. Umeme ukirudi, kilichounganishwa nayo kinarudi kazini, mtu awepo asiwepo. Mota haifai kuwashwa kwa swichi ya namna hiyo. Mafundi wa viwandani wanatumia kontakta, ambayo ni relei kubwa, yenye kitufe cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Ukibonyeza cha kijani, koili ya kontakta inavuta, na mguso mmoja mdogo wa kontakta hiyohiyo unaendelea kuipa koili umeme hata ukiondoa kidole. Inajishikilia yenyewe. Umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, koili inaachia, na umeme ukirudi hakuna kinachowaka mpaka mtu abonyeze tena. Kifaa hicho kingekuwapo ukutani usiku ule, pampu isingeungua na mzee asingekuwa na deni. Nililieleza hilo mbele ya kamati nikiwa na kontakta kuukuu mkononi, niliyoazima kwa fundi wa mashine ya kusaga. Nitarudi kwenye majibu yao.

Sasa relei yenyewe. Ndani yake mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye kipande cha chuma. Ukipitisha umeme, chuma kinakuwa sumaku na kuvuta ulimi mdogo wa chuma. Ulimi ukivutwa unaacha mguso mmoja na kushika mwingine. Kwa hiyo relei ya kawaida ina miguu mitatu upande wa kazi: wa pamoja, unaogusana na ulimi wakati koili imelala, na unaogusana nao wakati koili imevuta. Vitabu vinaiita hiyo miwili ya mwisho “uliofunga” na “uliofunguka”, na hapo Kiswahili chetu kinatutega. Sisi tunafungua bomba ili maji yatoke, na tunafungulia redio ili iseme. Kwenye umeme, sakiti iliyofunguka ndiyo isiyopitisha kitu. Mimi na mzee tulipishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo moja, mpaka tukakubaliana kusema “zimegusana” na “zimeachana”. Ninapendekeza lugha hiyo kwa yeyote atakayefanya kazi hii na mwenzake, hasa kwenye volti 230.

Relei ndogo za buluu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki huandikwa volti za koili yake juu ya ganda. Ya volti 5 hula kama miliampia 70, ya volti 12 kama miliampia 30. Kumbuka hizo namba.

Kwa upande wa kompyuta tulikuwa na mashine kuukuu ya ofisini, inayowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, yenye kadi ya printa ya zamani: ile yenye tundu refu la pini 25. Watu huitupa siku hizi kwa kuwa printa mpya haziitaki. Kwa mwanafunzi wa umeme ni hazina, kwa sababu pini zake ziko wazi kama vidole vya mkono. Pini ya 2 hadi ya 9 ni za kutoa, nane kwa jumla, na kila moja ni biti moja ya namba unayoiandika. Ukiandika 1, pini ya 2 inapanda hadi karibu volti 5. Ukiandika 2, ni pini ya 3. Ukiandika 4, ni ya 4. Ukiandika 5, yaani 4 na 1, zinapanda ya 2 na ya 4 kwa pamoja. Ukiandika 128 ni pini ya 9. Pini ya 18 hadi ya 25 ni za ardhi. Kwenye kompyuta za zamani zenye tundu hili kwenye ubao mkuu, anwani ya kuandikia kwa kawaida ni 888. Kadi iliyochomekwa baadaye ina anwani nyingine, na mimi nilipoteza siku nzima nikiandika namba kwenye 888 pasipo kitu kutikisika. Kwenye Linux, amri ya lspci ikiongezewa -v inakuonyesha anwani ya kweli. Nyaya za kubadili USB kuwa printa hazifai hapa: zinajua kuongea na printa tu, hazikupi pini moja moja.

Je, unaweza kuunganisha pini moja kwa moja na koili? Hapana. Pini ya kadi ya printa hutoa miliampia chache tu, na koili inataka 30 au 70. Ukilazimisha, ama relei haivuti, ama kadi inakufa. Ndiyo maana kati yao panakaa ubao wenye kipaza nguvu. Mimi nilitumia chipu iitwayo ULN2003A, ambayo ndani yake ina vipaza saba. Kila kimoja kinaridhika na miliampia moja na ushee kutoka kwenye pini, na kinaweza kubeba hadi miliampia 500 upande wa pili. Pini zake za 1 hadi 7 hupokea, za 16 kurudi hadi 10 hutoa, ya 8 ni ardhi. Pini ya 9 ndiyo inayosahaulika. Koili iliyokuwa na umeme, ukiukata ghafla, haikubali kunyamaza mara moja. Sumaku inayoporomoka inazalisha volti kubwa kwa muda mfupi sana, na volti hizo zinatafuta pa kutokea, hata kama ni kwa kuitoboa transista yako. Dawa ni diodi iliyowekwa kinyume sambamba na koili, iwape njia ya kuzunguka na kufia palepale. ULN2003A inazo diodi hizo ndani, lakini hazifanyi kazi mpaka pini ya 9 iunganishwe na chanya ya koili, kwangu volti 12. Diodi ya namna hii ni ya koili za umeme wa DC tu. Ukiiweka kwenye koili ya kontakta ya volti 230 za AC umetengeneza shoti.

Kabla ya chipu hiyo nilikuwa nimenunua ubao uliokwisha kutengenezwa, wa relei nne, ukaletwa na basi kutoka Moshi. Ulikuwa mzuri na wa bei nafuu, ila una desturi ambayo mtu huigundua amechelewa: relei zake huvuta pini ikishuka kuwa sifuri, si ikipanda. Kwa anayetumia kifaa kinachobaki kimewashwa siku zote si neno. Kwetu kompyuta huzimwa saa kumi jioni. Ikizimwa, pini zake zinakaa chini, na ubao wenye umeme wake pembeni unaweza kuichukua hali hiyo kama amri ya kuwasha. Kwa jambo linalohusu mota, “kompyuta imekufa” isiwe na maana sawa na “washa”. Niliuweka kando.

Ubao wangu mwenyewe ulikataa kuvuta siku ya kwanza. Nilikagua kila kiungo kwa multimita, nikapata volti 5 kwenye pini, volti 12 kwenye koili, na kimya. Kosa lilikuwa la kitoto. Umeme wa koili ulitoka kwenye adapta ya pembeni, na nilikuwa sijaunganisha ardhi ya adapta na ardhi ya kadi. Volti si kitu kinachojitegemea. Ni tofauti kati ya sehemu mbili. Volti 5 za kadi zilikuwa 5 kwa kadi tu. Kwa ubao hazikuwa na maana yoyote. Waya mmoja kutoka pini ya 25 hadi hasi ya adapta, na relei zikalia ta, ta, ta, sauti ambayo nadhani kila aliyewahi kufanya kazi hii anaikumbuka.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Juu ya relei imeandikwa ampia 10 kwa volti 250. Pampu yetu inakula kama ampia 5 ikishachanganya. Nikapiga hesabu, nikaona nafasi ipo, nikapitisha pampu moja kwa moja kwenye relei ndogo. Nilisahau kwamba mota inapoanza kuzunguka hunywa umeme mara tano au sita ya kawaida yake kwa muda mfupi. Siku ya tatu migusano ya relei iliungana kwa joto, ikawa chuma kimoja. Programu ilisema zima, taa ya ubao ikazimika, na pampu ikaendelea. Tangi la juu likafurika mpaka sista mmoja alipotoka mbio kukata sakiti breka. Uniti za LUKU zilizopotea nilizilipa mimi, na ilikuwa haki.

Tangu siku hiyo relei ndogo haiigusi pampu. Inaamuru koili ya kontakta, kontakta ndiyo inayobeba mota, na chini ya kontakta kuna kinga ya joto inayoachia mota ikizidiwa. Mlolongo ukawa mrefu: programu, pini, chipu, relei, kontakta, pampu. Tulipokuwa tukisoma juu ya visababishi vinavyosukumana mfululizo, kila kimoja kikisukumwa na kilichotangulia, mfano wa kitabuni ulikuwa wa fimbo inayosukumwa na mkono. Mimi sasa nina wangu.

Lipo tatizo la tatu ambalo halikutuumiza kwa sababu nilionywa mapema. Pini ya kadi hushikilia namba ya mwisho iliyoandikwa. Programu ikiganda wakati imeandika 1, pini ya 2 itabaki juu mpaka mtu agundue. Zaidi ya hapo, kompyuta inapoamka asubuhi huzichezea pini za printa kabla programu yako haijaanza, na relei zinaweza kulia zenyewe. Basi nikaweka relei ya pili niliyoiita mlinzi. Programu yangu haiandiki 1 na kutulia. Inaandika 1, 129, 1, 129, mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo pini ya 2 inabaki juu na pini ya 9 inapanda na kushuka kama mapigo ya moyo. Mapigo hayo yanapita kwenye kapasita. Kapasita haipitishi volti iliyosimama, inapitisha mabadiliko tu. Diodi mbili zinayakusanya mabadiliko hayo kwenye kapasita ya pili, nayo ikijaa vya kutosha inaivuta relei ya mlinzi, ambayo ndiyo inayoruhusu volti 12 kufika kwenye relei ya pampu. Programu ikiganda juu au chini, mapigo yanakoma, kapasita inakauka, kila kitu kinaachia. Vile vishindo vichache vya kompyuta inapoamka havitoshi kuijaza.

Kadi ina pini za kupokea pia, tano. Maelea mawili ya tangi la juu niliyaleta huko, moja la “limepungua” na moja la “limejaa”, kwa sababu ukitumia elea moja pampu itawaka na kuzima kila maji yakitikisika. Pini ya 11 ina tabia ya kugeuza, unachokiona juu programu inakisoma chini. Na pini ya 12 katika maisha yake ya zamani ilikuwa na kazi ya kuiambia kompyuta kwamba karatasi zimekwisha kwenye printa. Nimeipa elea la tangi la chini. Sasa inasema maji yamekwisha.

Hata hivyo, elea hilo la chini sikuliachia kompyuta peke yake. Lina migusano miwili, na mmoja unapita moja kwa moja kwenye njia ya koili ya kontakta. Maji yakiisha chini kontakta inaachia, programu itake isitake. Kinga iliyomo kwenye programu tu, mimi siihesabu kuwa kinga.

Wenzangu wa Mantiki wataona kitu hapa. Migusano miwili ikipangwa mfululizo, umeme hupita kama huyu na huyu wote wamegusana: ndiyo “na” yetu. Ikipangwa sambamba, hupita kama mmoja wao amegusana: ndiyo “au”. Mguso unaoachana koili inapovuta ni “si”. George Boole alichapisha aljebra ya sentensi za namna hiyo mwaka 1854 pasipo habari yoyote ya relei. Mwaka 1937 Claude Shannon, kijana wa miaka 21 katika chuo cha MIT huko Marekani, aliandika tasnifu akionyesha kwamba mtandao wa relei na aljebra ya Boole ni kitu kimoja: sakiti yoyote unaweza kuiandika kama sentensi, na sentensi yoyote ya aina hiyo unaweza kuijenga kwa relei. Miaka minne baadaye Konrad Zuse aliikamilisha Berlin kompyuta ya Z3, iliyojengwa kwa relei zaidi ya 2,000. Jedwali la ukweli ninalolalamikia kila wiki nililichora kwa ajili ya pampu kwenye ubao wa shule ya awali, na mwalimu wa watoto akalielewa kabla yangu.

Kazi yote ya volti 230 aliifanya fundi umeme, mimi nikiwa nimeshika tochi. Naomba msomaji asilichukulie hilo kuwa unyenyekevu. Upande wa volti 12 ukikosea unaunguza chipu.

Nilipoieleza kamati, mjumbe mmoja aliuliza swali zuri kuliko yote: kontakta na maelea matatu yasingetosha, bila kompyuta? Yangetosha. Nilimjibu hivyohivyo. Kompyuta inaongeza ratiba na kumbukumbu ya saa za pampu, ambayo masista na shule walikuwa wanaitaka ili wagawane gharama za umeme bila kunung’unikiana. Na ukweli mwingine ni kwamba mimi mwenyewe nilitamani kujaribu. Kamati ikakubali vyote viwili, na ikasitisha makato ya mzee. Yale ya mwezi wa kwanza haikuyarudisha. Nimeandika barua juu ya hilo, sijajibiwa.

Mzee bado ndiye mwenye funguo za kibanda cha pampu. Kwenye sanduku tumeweka swichi ya kuchagua, “kompyuta” au “mkono”. Ofisi ikifungwa saa kumi, anageuza kwenye mkono na kutumia vitufe, na elea la chini linamlinda usiku kama linavyoilinda programu mchana. Siku ya kukabidhi alibonyeza cha kijani, akaniambia, “Frateri, kata umeme.” Nikashusha breka. Akahesabu hadi ishirini kwa sauti, akasema rudisha. Nikarudisha. Kontakta ikakaa kimya. Akanitaka nirudie tena, mara hii mwenyekiti wa kamati akiwa amesimama mlangoni.

Ana daftari lake la kurasa 96, ameandika saa za kuwasha na kuzima. Nilipolilinganisha na kumbukumbu za kompyuta kabla ya kurudi seminarini, saa za mchana zilifanana. Za usiku, na za kila siku umeme ulipokatika, zimo kwenye daftari lake tu.